Alama 18 za majina, alama 4 za shairi: mtoto wa Kiswahili na tamathali za Kiingereza

Mwanafunzi wa kisa hiki yuko darasa la saba katika shule ya kati nchini Marekani. Nyumbani wanazungumza Kiswahili cha Kongo. Madarasa ya mwanzo aliyasoma katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, ambako watoto wa Kikongo hufuata mtaala wa kwao na kufundishwa kwa Kifaransa. Hatumpi jina kwa sababu si mtu mmoja: tumemkusanya kutokana na makosa yanayojirudia kwa watoto wa hali yake. Shairi analopimwa nalo pia tumelitunga wenyewe, ili kila kosa lionekane mahali pake.

Mwezi wa Septemba mwalimu wa Kiingereza aligawa orodha ya istilahi 20 na maana zake: "simile", "metaphor", "personification", "hyperbole", "irony", "alliteration", "onomatopoeia", "theme" na nyinginezo. Baada ya wiki mbili ukaja mtihani wa kuchagua jibu, akapata 18 kati ya 20. Wiki iliyofuata darasa likapewa shairi fupi na agizo hili: taja tamathali tatu za usemi, nukuu ushahidi wa kila moja, eleza inafanya kazi gani mahali hapo, kisha sema dhamira ya shairi. Kila tamathali ilikuwa na alama 4 (jina 1, nukuu 1, maelezo ya kazi yake 2) na dhamira alama 3. Jumla 15. Akapata 4.

Wazazi wengi wakiona hivyo husema Kiingereza bado hakijakaa. Kwa mtoto huyu si kweli, shairi alilielewa. Zinazopaswa kutiliwa shaka kwanza ni zile alama 18. Aliyepita kwenye Kifaransa huzipata kwa bei rahisi, maana "métaphore", "hyperbole", "allitération", "ironie" na "onomatopée" anazijua kwa sura tangu zamani. Kifaransa na Kiingereza vyote vilizichukua kutoka Kigiriki na Kilatini. Pasipofanana ni pachache: "simile" kwa Kifaransa huitwa "comparaison", na "foreshadowing", yaani dokezo la jambo lijalo, halina ndugu wa kulitambulisha. Hayo mawili ndiyo aliyoyakosa. Kwa hiyo mtihani wa kwanza ulipima kufanana kwa maneno, ukaacha usomaji.

Na shule haiombi majina. Viwango vya masomo vya Common Core vya mwaka 2010, ambavyo majimbo mengi yalivichukua au kuvirekebisha (Texas ina vyake), vinamtaka mwanafunzi tangu darasa la sita achambue jinsi uteuzi wa maneno unavyobadili maana na hisia ya matini. La saba linaongeza athari ya vina na marudio ya sauti. La nane linaongeza kinaya cha maneno, yaani kusema kinyume cha hali ilivyo. Jina ni mlango tu wa jibu.

Shairi lenyewe ni hili:

"The bus coughed twice and would not wake.
The morning, gray as dishwater,
leaned on the glass. My brother slept,
his backpack a small house on his knees.
Snow whispered, whispered on the street.
I had a thousand years to wait.
'Lovely day,' the driver said.
I like the way she says it."

Basi la shule limegoma kuwaka asubuhi ya theluji, mtoto na mdogo wake wamo ndani wanasubiri, dereva anasema siku ni nzuri. Majibu ya mwanafunzi yalikuwa haya. La kwanza: "I like the way she says it" ni "simile" kwa sababu lina neno "like". La pili: "The bus coughed" ni "personification", na inafanya shairi livutie na msomaji apate picha kichwani. La tatu: "Lovely day" ni "hyperbole" kwa sababu dereva ametia chumvi uzuri wa siku. Dhamira: "snow".

Jibu la kwanza

Hili limezaliwa na maana iliyoandikwa kwenye orodha: ulinganisho unaotumia "like" au "as". Maana hiyo inampa mtoto alama ya kutafuta kwa macho, naye akaitafuta akaipata. Mstari wa pili, "gray as dishwater", ambao ndio tashbihi ("simile") halisi, alikuwa ameshaupita.

Hapa Kiswahili ni msaada mkubwa kuliko kamusi yoyote. Neno "kama" nalo lina kazi zaidi ya moja, na hakuna mtoto wa Kiswahili anayedhani "kama mvua itanyesha, sitakuja" ni tashbihi. Anajua bila kufundishwa kwamba "mweusi kama makaa" ni kitu kingine. Mwonyeshe kwamba "like" ina tabia hiyohiyo: mara ni kitenzi cha kupenda, mara ni ya kulinganisha. "As" nayo mara ni ya wakati, kwa mfano "as the bus stopped", basi liliposimama.

Jaribio lina hatua mbili, na zote mbili ni lazima. Kwanza, weka "mithili ya" mahali pa "like" au "as". Sentensi ikivunjika, si tashbihi. "Mimi mithili ya jinsi anavyosema" imevunjika, basi. Pili, uliza kama vitu viwili vinavyolinganishwa ni vya jamii mbili tofauti. "My sister looks like my mother" inapita hatua ya kwanza, lakini dada na mama ni watu wote wawili. Huo ni ulinganisho wa kawaida. Asubuhi na maji ya kuoshea vyombo ni mbali na mbali, na umbali huo ndio unaoifanya tashbihi. Wanaoishia hatua ya kwanza hurudi na kosa lilelile wiki ya pili.

Upande wa pili wa kosa hili uko kwenye sitiari. Mtoto amekariri kwamba "metaphor" husema kitu kimoja NI kingine, kwa hiyo huwinda "is" na "are". "His backpack a small house on his knees" haina kitenzi hicho, akaupita mstari ambao pengine ndio moyo wa shairi. Kwa mtoto ambaye familia yake imewahi kufunga maisha yote kwenye mzigo mmoja, begi kuitwa nyumba ndogo ni mahali ambapo angeweza kuandika maelezo ya alama zote bila kusaidiwa.

Jibu la pili: jina sahihi, maelezo matupu

Alipata alama 2 hapa, za jina na nukuu. Maneno kama "inavutia", "inaleta picha" na "inafanya msomaji asichoke" hayana alama kwa sababu yanaweza kubandikwa kwenye mstari wowote wa shairi lolote duniani. Mpe mwanafunzi kipimo hicho waziwazi: kama sentensi yako ya maelezo inafaa pia kwa shairi la mwenzako, ifute.

Njia ya kulijaza jibu ni kuiondoa tamathali na kutazama kilichopotea. Andika mstari bila tamathali: injini ilitoa sauti mara mbili, haikuwaka. Kisha uliza, kukohoa ni kwa nani? Ni kwa mgonjwa, mzee, mtu aliyepigwa na baridi. Kutoamka je? Kwa mtu aliyechoka. Sasa tazama pembeni: mstari wa tatu mdogo wake amelala. Basi na mtoto wako katika hali moja. Asubuhi hiyo imewashinda wote. Hilo ndilo lililopotea tulipoandika "injini haikuwaka", na hilo ndilo la kuandika: "By making the bus 'cough' and refuse to 'wake', the poet makes the cold feel like a sickness that has caught the machine as well as the sleeping brother." Sentensi moja, yenye maneno mawili yaliyonukuliwa, na haiwezi kuhamishiwa shairi jingine.

Kuna ugumu mmoja wa msemaji wa Kiswahili ambao walimu wa huko hawauoni. Kwetu kila siku gari "linakataa", mvua "inagoma", simu "inakufa", usingizi "unamchukua" mtu. Tashihisi hizi, yaani "personification", kukipa kitu matendo ya mtu, zimezoeleka hadi hatuzisikii tena. Mtoto akisoma "would not wake", sikio lake linasikia "limekataa kuwaka", kauli ya kawaida ya gereji, na anapita. Alishika "coughed" kwa sababu haina mwenzake wa kawaida katika Kiswahili. Dawa ni kumfanya asikie tena zile za nyumbani: aandike kauli 10 ambazo kitu kisicho na uhai kinafanya jambo la mtu, kisha atenge zilizokufa kwa mazoea na zilizo hai. Kiingereza kina zake zilizokufa, "the battery died", na hizo mwalimu hazihesabu sana. Anachotafuta ni ile ambayo mtunzi aliichagua.

Jibu la tatu, ambalo ni kosa la mtoto mwenye akili

Aliona kwamba maneno ya dereva hayalingani na hali ilivyo. Hilo ni sahihi, na mwalimu aliyeweka 0 kwenye jina angefaa aandike pembeni kwamba uchunguzi ulikuwa mzuri. Alichokosa ni mwelekeo. Chora mstari, ukweli uwe katikati. Maneno yanayokwenda upande uleule wa ukweli na kuupita sana ni "hyperbole", kwetu chuku au mubalagha: kungoja ni kurefu kweli, "a thousand years" imekuza urefu huo. Maneno yaliyo upande uleule lakini yamepungua ni "understatement". Maneno yaliyogeukia upande wa pili ni "verbal irony". Siku ni mbaya, dereva kasema ni nzuri, amegeuka. Mstari huo mmoja wa penseli humaliza ubishi kati ya istilahi tatu, na tunaushauri kuliko maana yoyote ya kukariri.

Kisha kuna suala la neno la Kiswahili. Mzazi akimwambia mtoto kwamba "irony" ni kejeli, atampotosha katika shairi hili hasa. Kejeli humdhihaki mtu. Kwa Kiingereza inakaribia zaidi "sarcasm". Dereva huyu hamdhihaki yeyote. Mstari wa mwisho unathibitisha: mtoto anapenda namna anavyosema. Kinaya chake ni cha kufariji, ni mtu mzima anayewaambia watoto kwamba hata yeye anaona hali ilivyo na hawako peke yao. Tumia neno kinaya, na umweleze mtoto kwamba kinaya kinaweza kuuma na kinaweza kupoza.

Kiingereza pia kinatumia neno hilo moja kwa mambo mengine mawili. "Situational irony" ni tukio kugeuka kinyume na lilivyotarajiwa, kama kituo cha zimamoto kuungua. "Dramatic irony" ni msikilizaji kujua asichojua mhusika. Mtoto aliyekulia kwenye hadithi za sungura na fisi anaijua tangu utotoni, kwa sababu kila mara fisi anapotembea kwa furaha kwenda karamuni, wasikilizaji wanajua nyama ilikwishaliwa. Kisichoingia humo ni sadfa. Kukutana na rafiki dukani bila kupanga si "irony", ingawa hata wenye Kiingereza chao husema hivyo.

Dhamira: "snow"

Alama 0, na pengine lawama si ya mtoto. Tanzania husema dhamira, na jibu la darasani huwa nomino: rushwa, mapenzi, ukombozi wa mwanamke. Maudhui kwao ni jumla ya dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa na msimamo. Kenya, kinachoitwa maudhui ndicho Mtanzania anachokiita dhamira, na dhamira ni lengo la mwandishi. Mtoto akisaidiwa na jirani Mtanzania leo na binamu aliyesoma Kenya kesho, anapewa maneno mawili yaliyobadilishana viti, na yote mawili yanakubali jibu la neno moja. Katika darasa la Kiingereza la Marekani neno moja ni "topic", mada tu. "Theme" inadaiwa sentensi kamili yenye kauli juu ya maisha, na haipaswi kuwa amri. Methali nayo huwa haitoshi, hata ikiwa kweli kabisa, kwa sababu haijaonyesha ilikotoka ndani ya shairi. Jibu lingeweza kuwa: "A small kindness can make a hard morning bearable," likifuatwa na mistari miwili ya mwisho kama ushahidi.

Ambayo hakuyagusa

Sauti aliziacha, na mtoto aliyejifunza kusoma kwa Kiswahili ana sababu. Kiswahili huandikwa kinavyotamkwa, kwa hiyo akiambiwa atafute maneno yanayoanza kwa sauti moja hutafuta herufi moja. Kiingereza kinamwadhibu: "city" na "cat" hazina sauti moja mwanzoni, "phone" na "fish" zinayo, na "knees" huanza kwa sauti ya n. Kwa "alliteration" na kwa vina, kanuni ni moja: soma kwa sauti, kalamu iwe mezani. Kina cha ushairi wetu wa arudhi, yaani wa kanuni za jadi, ni silabi ya mwisho. Cha Kiingereza huanzia kwenye irabu yenye mkazo hadi mwisho wa neno, hivyo "wait" na "late" vina kina kimoja ingawa havifanani, na "cough" na "though" havina ingawa vinafanana.

"Onomatopoeia" mara nyingi hutafsiriwa tanakali za sauti, lakini mipaka haikutani. Tukisema "nyeupe pe" au "nyeusi ti", hakuna sauti inayoigwa, weupe haulii. Kiingereza kinataka neno lenyewe liige mlio: "buzz", "hiss", "whisper". Neno linalotaja sauti bila kuiiga, kama "noise" au "music", halimo. Tazama pia kwamba "Snow whispered, whispered" imebeba tatu kwa pamoja: tashihisi, takriri (marudio ya neno) na mwigo wa sauti. Mwanafunzi hahitaji kuzitaja zote. Achague ile anayoweza kuieleza.

Shairi hili halina "allusion", yaani marejeo ya hadithi inayojulikana, lakini darasa la saba linaidai, na hapo mtoto wa kanisani au wa madrasa ana mali asiyoijua. Kizuizi ni majina. Anamjua Ayubu na subira yake, ila akikutana na "the patience of Job" ataisoma kama subira ya kazi. Nuhu ni "Noah", Hawa ni "Eve", Yona au Yunus ni "Jonah", Kaini ni "Cain". Orodha ya majina 12 kwa safu mbili humfungulia mlango huo jioni moja. Visasili vya Kigiriki havina njia ya mkato ya namna hiyo. Achilles, Pandora na Icarus inabidi wasimuliwe.

Kurekebisha: wiki nne, dakika 20, siku nne kwa wiki

Usirudie orodha ya 20. Chukua saba kwanza: tashbihi, sitiari na tashihisi wiki ya kwanza, chuku na kinaya wiki ya pili, kwa ule mstari wa penseli, "alliteration" na "onomatopoeia" wiki ya tatu, kwa kusoma kwa sauti tu. Wiki ya nne ni ya dhamira. Nyingine zitafuata zikikutwa kwenye matini.

Kila istilahi iwe na kadi moja yenye vitu vinne: mfano wa Kiswahili ambao mtoto ameutoa mwenyewe nyumbani, mfano wa Kiingereza, swali la kujaribu, na mfano wa uongo unaofanana lakini siyo. Cha nne ndicho kinachoachwa na kadi nyingi za dukani na za intaneti, na bila hicho mtoto hajui mpaka uko wapi. Andika pia matamshi: "simile" ina silabi tatu, "hyperbole" ina nne na mkazo uko kwenye ya pili, anayeisoma Kifaransa hataitambua mwalimu akiitamka.

Mazoezi ya karatasi yenye sentensi 10 ambazo zote ni tamathali humfundisha kubahatisha. Changanya: sentensi 10, sita zina tamathali, nne hazina, na jibu "hakuna" liwe na alama sawa. Siku mbili za mwanzo atazikosa zile nne, kwa kuwa hajawahi kuruhusiwa kusema hakuna.

Onyo kuhusu mifano ya nyumbani: itumike kuielewa kazi ya tamathali, isitafsiriwe ndani ya insha. "White as cotton" inaeleweka, lakini "the car refused me" haitasikika kama tashihisi kwa mwalimu, ataihesabu kosa la sarufi.

Mwisho wa wiki ya nne mpime kwa shairi ambalo hajaliona, mistari 8 hadi 12, kwa mgawanyo uleule wa alama. Hili la basi halifai tena kwa kipimo, ila liandikwe upya kama zoezi. Jibu la tatu lililorekebishwa laweza kuwa hivi: "'Lovely day' is verbal irony, because the bus is dead and it is snowing. The driver says the opposite of what everyone can see, and the speaker likes how she says it, so the irony comforts the children instead of mocking them." Linapata 4 kati ya 4. Kati ya hizo, jina limechukua moja.